Nilifunga LED za H4 kwenye Probox miezi 5, nimerudi kwenye globu za kawaida

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka achukue aende zake. Globu zenyewe, LED za kuchomeka kwenye taa kubwa za mbele, nyota 2 kati ya 5. Duka nililonunua nyota 1. Fundi wa kwanza aliyenifungia namuachia Mungu. Na yule mzee wa gereji ya huku Moro aliyezitoa na kunipangia taa upya nampa 5 zote na soda baridi juu. Mwenye muda abaki nimweleze ilikuwaje, manake hii kesi niliingia kama mlalamikaji nikatoka mshtakiwa.

Gari ni Toyota Probox, injini 1NZ, kazi yake mzigo tu. Nina duka Morogoro, mara mbili kwa wiki nashuka Kariakoo kuchukua sabuni, mafuta ya kula, unga wa ngano na vikorokoro vingine halafu nageuza. Naondoka Dar usiku makusudi ili nikimbie foleni, nikishaiacha Kibaha nyuma ndo nahesabu safari imeanza, Mlandizi, Chalinze, Mdaula, Bwawani, Mikese, Moro. Kilomita 190 na ushee, na kuanzia Kibaha mbele sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda moja ya kurudi, hamna kitu katikati zaidi ya mstari, ukitoka kwenye miji ni giza la kweli.

Anayeendesha njia hii usiku ananielewa. Unaona mwanga kwa mbali kama jua linachomoza, unambonyezea ful (taa za juu) mara moja kumkumbusha, hashushi, unambonyezea tena, naye anakuwashia ful zake kukuonyesha kwamba kumbe ile ndo ilikuwa dimu (taa zilizoshushwa)! Yaani dimu yake ndo ile iliyokuwa inakutoa machozi, sasa na ful ameongeza. Na tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023 barabara hailali, basi, lori, basi, lori, Noah, lori. Piga hesabu mwenyewe, ukiwa spidi 80 gari inatembea mita 22 kila sekunde, ukipofuka sekunde 3 umetembea mita 66 huoni kitu, na ndani ya hizo mita 66 kuna mtu wa mkaa na baiskeli yake haina hata riflekta.

Wazee wa malori wana ustaarabu wao, akikaribia anakuwekea indiketa ya kulia ujue mwisho wa gari lake uko wapi, na wewe unakaza macho kwenye mstari mweupe wa kushoto unapita salama. Ila hawa wenye magari madogo na taa nyeupe kama za saluni ndo walinishinda. Nikajaribu hata zile miwani za njano wanazouza kwenye foleni, elfu 10, kitu pekee zilichofanya ni kuniongezea giza. Basi siku moja nimetoka kupishana na mmoja pale Bwawani nusura nimfuate mwenye bodaboda porini, nikasema potelea mbali, dawa ya moto ni moto.

Kesho yake nipo Kariakoo kwenye duka la vikorombwezo vya magari, jina naliweka kapuni. Dogo wa dukani mchangamfu balaa, "karibu bosi, kaka mkubwa, gari gani?" Nikamwambia Probox, akasema hiyo inatumia globu aina ya H4, akashusha boksi zuri kuliko boksi la simu yangu. Limeandikwa wati 200, lumeni 20,000 (wingi wa mwanga), kelvini 6000 (rangi yake), waranti mwaka mzima. Pale kaunta kuna betri ya gari na waya mbili za kujaribishia. Akaunganisha. Aisee duka zima likawa jeupe, mama mmoja aliyekuwa anachagua maturubai akageuza uso, na mimi nikaziba macho kwa kiganja, na hapo hapo huku nimeziba macho ndo nikatoa hela. Nikikumbuka nacheka. Mtu unaonyeshwa kitu kinapofusha, kinakupofusha wewe mwenyewe, halafu unauliza bei ya mwisho! Aliniambia 85,000 tukamalizana 65,000.

Fundi alikuwa mlangoni anasubiri kama kawaida yao. Dakika 15, elfu 10. Hapa nieleze kidogo kwa ambaye hajawahi kufungua. Nyuma ya taa ya Probox kuna plagi ya miguu mitatu, chini yake kuna mpira mweusi unaofunika tundu la globu ili vumbi na maji yasiingie, halafu kuna kishikizo cha waya kinachobana globu. LED hizi zina kiwiliwili kinene nyuma na kifeni cha kupozea, mpira haupiti. Fundi akatoa wembe akaukata mpira wangu kama anakata chapati, nikashtuka, akasema "hamna shida bosi, zote tunafunga hivi". Akawasha mchana kweupe, akatazama ukuta wa duka la jirani wenye jua, akaingiza bisibisi ya nyota akazungusha mara kadhaa, "nimekupandishia kidogo uone mbali". Nikamuongezea buku ya maji!

Usiku wa kwanza sitakaa niusahau. Kutoka Kimara mpaka Kibaha nilikuwa najisikia kama nimenunua gari jipya, barabara nyeupe pee kama uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Nikampigia shemeji video kabla sijaondoka sheli. Tatizo lilianza tulipoingia gizani baada ya Mlandizi. Mbele ya boneti kama mita 25 hivi panang'aa unaweza kuokota sindano, baada ya hapo ukuta mweusi. Vibao vya barabarani vinawaka mpaka vinakera, matawi ya miti pembeni naona mpaka viota, lakini barabara yenyewe kule mbele ninakokwenda sioni kitu. Kwanza nikadhani ni macho yangu hayajazoea. Kufika Chalinze ikanyesha mvua, hapo ndo barabara ikaniaga kabisa, lami imelowa imekunywa ule mwanga wote, mistari hamna, nikawa namfuata lori kama ndama anamfuata mama yake.

Na watu wakaanza kuniwashia ful. Wa kwanza nikampuuza. Wa tano nikaanza kujibu, namuwashia na mimi ful zangu ajue kwamba ile ilikuwa dimu, atulie. Unaona nilivyogeuka? Siku chache tu zilizopita nilikuwa nawatukana wenye tabia hiyo hiyo, sasa nafanya mimi tena kwa fahari, najiambia wana wivu.

Mengine yalikuja taratibu. Redio, nikiwasha taa FM inakwaruza kama mtu anakaanga dagaa, nikizima inatulia, nilibadilisha mpaka antena kumbe ni hizo globu. Mwezi wa 2 tangu nizifunge, kioo cha taa ya kushoto kikawa na ukungu kwa ndani, matone kabisa, kwa sababu ya ule mpira uliokatwa, na ukiangalia kwa tochi vumbi limekaa juu ya riflekta, ile sahani inayong'aa ndani ya taa, kama unga. Mwezi wa 3 kifeni cha kulia kikafa. Kikifa hicho globu haizimi papo hapo, inawaka vizuri dakika kumi hivi halafu inapata moto inaanza kujipunguza yenyewe, halafu inapepesa. Fikiria nimetoka Mdaula na taa moja nzima na nyingine inakonyeza, gari limekuwa kama linatongoza malori.

Nikarudi dukani na boksi langu na karatasi ya waranti. Dogo mchangamfu hayupo, aliyepo amenuna, akaigeuza geuza globu akasema "hii umeingiza maji wewe". Nikamwambia fundi wenu ndo alikata mpira, akasema fundi si wetu, yuko mlangoni tu. Tukabishana nusu saa, wateja wakaanza kuingilia, mwishowe akanitupia moja ya kubadilishia ili niondoke. Kufunga nakuta rangi hazifanani, kushoto nyeupe, kulia bluu kama taa ya baa. Ndo maana nikasema nyota 1, na hiyo 1 ni ya yule mama wa maturubai aliyenitetea.

Bado nikaendelea nazo. Ubishi wa mwanaume na hela yake jamani.

Sasa sikilizeni kilichonitoa huko. Mwezi wa 5 mzigo ulikuwa mkubwa, nikaazima Noah ya shemeji, mdogo wangu akaendesha Probox. Ilishona mpaka juu, nyuma kote ndoo za mafuta ya kula za lita 20 na katoni za sabuni, ikakaa mkao wa chura, pua juu. Tulipofika Kibaha dogo akaingia sheli kuweka mafuta, mimi nikatangulia, tukasema tutakutana Chalinze tule.

Nimepita Mlandizi, giza, nasikiliza redio isiyokwaruza kwa mara ya kwanza baada ya muda. Nyuma akaja mtu. Mwanzo nikadhani ni basi. Kioo cha kati kikajaa mwanga, nikakibonyeza kile kipini cha chini kukiweka mkao wa usiku, haikusaidia sana, vioo vya pembeni vyote viwili vinawaka, ndani ya Noah kumekuwa mchana, naona kivuli cha kichwa changu mwenyewe kwenye dashibodi, naona vidole vyangu kwenye usukani na kucha. Mbele sioni kitu sasa, manake macho yameshafunga kwa ajili ya ule mwanga wa nyuma. Nikamwekea indiketa ya kushoto apite. Hapiti. Nikapunguza mpaka 50. Na yeye akapunguza. Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuandika hapa, ya mama yake mzazi ambaye, kama mtakavyoona, ni mama yangu.

Kilomita kama 40 hivyo. Kufika Chalinze nikachomoa pembeni pale wanapochoma nyama, naye akachomoa nyuma yangu. Nikashuka nimekunja ngumi kabisa, nakwenda dirishani kwake siangalii hata gari kwa sababu huwezi kuiangalia, unatembea umeweka mkono usoni. Akazima taa. Probox. Namba zangu. Dogo anashuka anatafuna karanga, ananiuliza kwa upole, "Kaka mbona unaendesha taratibu hivyo, gari ya shemeji ina shida?"

Sikumjibu. Nikamwambia awashe tena, nikarudi nyuma kwenye giza kama hatua 50 nikasimama, nikaitazama gari yangu kama wanavyoiona wengine. Moja nyeupe moja bluu, mwanga umesambaa kila upande kama moto wa nyasi, hauna juu wala chini. Nikakumbuka wote waliokuwa wananiwashia ful miezi 5, kila mmoja nikimwita mwenye wivu.

Jumamosi nikaenda kwa fundi umeme wa magari huku Moro, mzee mmoja gereji yake chini ya mwembe, watu walinielekeza kwamba ni mkali wa mdomo ila anajua. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akainama mbele ya taa, akaangalia, akanyanyuka akaniuliza, "Mwanangu, hizi umenunua za kuonea au za kuonekana?"

Halafu akanipa darasa ambalo fundi wa elfu 10 hana. Akatoa kwenye kopo globu ya H4 iliyoungua akanishikisha. Ndani ya kile kioo kuna nyuzi mbili, moja ya dimu moja ya ful, 60/55 maana yake wati 60 ful na wati 55 dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kama kijiko cha mtoto. Akasema hicho kijiko ndo heshima yote ya barabarani. Kinazuia mwanga usiende chini ya riflekta, kwa sababu mwanga ukipiga riflekta kwa chini unarushwa juu, yaani machoni pa mwenzako. Kwa hiyo dimu ya kweli ina mstari, chini ya mstari mwanga, juu ya mstari giza, na upande wa kushoto mstari unapanda kidogo ili uwaone wa pembeni, kwa kuwa Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi. (Ndo maana gari la usukani wa kushoto lililotoka nchi za kuendesha kulia likija hapa bila kubadilishwa taa, mstari wake unapanda kulia, moja kwa moja usoni pa anayekuja.) Riflekta nzima imekokotolewa kutokana na kauzi kembamba kalikokaa sehemu moja hasa, sasa wewe unaweka kitu kinene chenye vitaa pande mbili, mbele au nyuma kidogo ya pale uzi ulipokuwa, riflekta haijui ifanye nini nao. Unasambaa. Na ya kwangu ya kulia ilikuwa imefungwa imepinda, vitaa vinatazama juu na chini badala ya kushoto na kulia.

Akaweka mita ya kupimia umeme. Globu ya wati 200 inakula ampia 2 na nukta, yaani wati 27 hivi. Sasa tuwe wakweli, LED inakula kidogo inatoa mwanga mwingi, hilo halina ubishi na mzee mwenyewe alikubali, ila 200 na 27 wapi na wapi? Kama boksi linadanganya kwenye wati sijui lumeni 20,000 nizichukue kwa imani gani.

Kisha akanionyesha kitu kilichoniumiza kuliko vyote. Chini ya dashibodi upande wa usukani kuna kidude cha kuzungusha kina namba 0 mpaka 5. Gari nimekaa nalo miaka 4, nilidhani ni cha kupunguza mwanga wa dashibodi na kimekufa. Kumbe ni cha kushusha taa kubwa ukibeba mzigo! Nyuma ikilemewa pua inanyanyuka, taa zinatazama mbinguni, unazungusha 2, 3, kutegemea na mzigo, zinarudi barabarani. Ukiwa mtupu unarudisha 0. Magari mengi ya Kijapani yanacho na sijawahi kuona mtu anakigusa. Kwa hiyo mimi nilikuwa na globu mbovu, zilizopandishwa na bisibisi, kwenye gari lililokaa mkao wa chura, kidude kiko 0. Nilikuwa silaha.

Kazi yenyewe aliifanya hivi. Akatoa LED, akafuta riflekta kwa upole na kitambaa laini (akasema ukisugua unaondoa ule ung'avu na taa imekufa), akaleta mipira mingine ya nyuma kutoka kwenye taa chakavu. Vioo vyangu vilikuwa vya njano kama meno ya mvuta sigara, si kioo bali ni plastiki ngumu ambayo jua limeichoma. Nikamwambia huwa nasugua dawa ya meno, akanitazama tu. Akapiga msasa wa maji namba 800, halafu 1500, halafu 2000, maji yanachuruzika meupe kama maziwa, halafu polishi kwa mashine, halafu akapulizia vanishi ya kukinga jua, akasema bila hiyo baada ya miezi michache tunarudi pale pale. Globu mpya H4 za kawaida 60/55 za kampuni inayoeleweka. Nikauliza zile za 100/90 vipi, akaniletea plagi iliyoyeyuka imekuwa kama jojo, akasema hii ndo 100/90 kwenye waya za 60/55 bila rilei, kile kiswichi cha kubeba umeme mkubwa.

Tukasubiri giza. Akapeleka gari tupu kwenye uwanja sawa wa lami mbele ya ukuta, akapima upepo wa tairi kwanza, akapima mita 10 kwa futi kamba kutoka taa mpaka ukutani. Akapima urefu wa katikati ya taa kutoka chini, akaweka alama ya selotepu ukutani urefu huo huo. Mstari wa dimu unatakiwa uangukie sentimita 10 chini ya selotepu, umbali wa mita 10. Kama huna nafasi weka mita 5 na sentimita 5. Wangu kabla hajagusa bisibisi ulikuwa JUU ya selotepu kama sentimita 40. Akazungusha taratibu, anaziba taa moja na koti anapanga nyingine, dakika kumi imekwisha. Mtu yeyote mwenye ukuta na selotepu anaweza kufanya hii, na hakuna gereji hata moja iliyowahi kunifanyia.

Hela: globu 24,000 jozi, polishi ya vioo 25,000, ufundi 15,000. Jumla 64,000, mipira hakunitoza. Ule ujinga wa Kariakoo na kufunga ulikula 75,000.

Matokeo sasa, na nitasema na mabaya yake. Usiku wa kwanza nilijuta, nilijiona nimerudi kwenye kibatari, mwanga wa njano, hauna mbwembwe, kama nusu saa nzima nilikuwa natamani kugeuza. Baada ya Mlandizi macho yalipotulia ndo nikaona mtu wa baiskeli mbali kabisa, namuona miguu yake inavyozunguka, nikapata muda wa kupunguza na kumpisha kwa raha zangu. Mwanga ulikuwa chini, kwenye lami, unapotakiwa kuwa. Kwenye mvua naona mistari. Redio inaimba. Ubaya ni kwamba globu za nyuzi zinaungua mapema, moja imeshakufa baada ya miezi 4 kwa matuta na mashimo, kwa hiyo natembea na ya akiba kwenye droo, na ukiibadilisha usiishike kioo kwa vidole vyenye mafuta. Nazipa 4.

Wenye magari yaliyotoka kiwandani na LED au yenye zile taa za jicho la lenzi sina ugomvi nao sana, zile zimetengenezwa hivyo, ingawa nazo zikikaa vibaya ni balaa. Ugomvi wangu ni sisi wa kuchomeka. Na wengine niwataje kwa sauti maana nimeshakuwa mtakatifu wa ghafla: wewe unayewasha foglaiti anga safi hamna hata ukungu wa chai. Wewe unayewasha hazadi mvua ikinyesha huku unatembea, ukitaka kukata kona nitajuaje? Wewe mwenye dashibodi inayowaka muda wote, unatoka Dar unadhani taa umewasha kumbe dashibodi tu ndo inawaka, nyuma giza tupu. Wewe wa jicho moja, nakuona naona bodaboda inakuja, kumbe ni Fuso. Na bodaboda nao siku hizi wanafunga kile kipande kirefu cha LED kifuani, kinacheza disko. Tela lisilo na taa nyuma sisemi, hilo ni la trafiki, na trafiki wenyewe wanakukamata kwa globu moja ya parking iliyokufa mchana wa jua kali, elfu 30 hiyo imeenda, ila mwenye taa za kupofusha usiku anapigiwa saluti akidhaniwa mheshimiwa.

Zile LED bado ninazo ndani ya boksi lake zuri. Jirani amekuja mara mbili anataka kuzinunua kwa 20,000 afunge kwenye Vitz yake, namzungusha tu.

Alhamisi iliyopita nimetoka Kariakoo nimeshona, ndoo 14 za mafuta na katoni za sabuni mpaka dirisha la nyuma halionekani. Nimezungusha kidude namba 3. Kutoka Mlandizi mpaka Mikese wamenibonyezea ful watu wawili tu, na mmoja alikuwa ananiambia kuna tochi ya trafiki ya kupima spidi mbele.